SAR ukiwa Marekani: jinsi ya kuinunua, kuikagua na kujua bei yake, na kwa nini uiache ilivyo

Kama ulipita JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa kule Tanzania, SAR huhitaji kuelezwa, ile bunduki ya mbao yenye singe inayokunjwa chini ya mtutu na magazini fupi ambayo haichomoki. Jina lake halisi ni SKS, karabini iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov, ikapitishwa rasmi na jeshi la Kisovieti mwaka 1949. Inakula risasi ileile ya AK, 7.62x39, inabeba 10, na kila risasi moja lazima uvute triga upya. Huku Marekani bunduki hiyohiyo inauzwa dukani kwa raia wa kawaida kwa sababu haimwagi risasi mfululizo, kwa hiyo kisheria siyo bunduki ya rashasha, na ndiyo maana ndugu zetu wengi wakishatulia huku wakapata karatasi zao wanaanza kuulizia, ile ya kule JKT napata wapi na bei gani.

Kuipata siyo shida. Shida ni kwamba mtu akishaipata tu kesho yake anataka kuivua mbao aivishe plastiki nyeusi, atoe magazini ya 10 aweke ya 30, akate singe, apake rangi, halafu baada ya miaka miwili anataka kuuza anashangaa anapewa nusu ya bei. Mwongozo huu naandika hasa kwa ajili ya huyo. Msimamo wangu nausema wazi mapema: bunduki hii thamani yake iko kwenye uasili wake, na kila unachokigusa bila kujua unapunguza hela na mara nyingine unajisogeza mwenyewe kwenye kesi ya shirikisho.

Kabla ya hela: wewe unaruhusiwa?

Hapa usiruke. Sheria ya shirikisho inamruhusu raia na inamruhusu mwenye grini kadi. Mtu aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo, ya matembezi, ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, kuna mianya michache kama ya leseni halali ya uwindaji lakini usijitafsirie mwenyewe, nenda kwa wakili anayejua mambo mawili kwa pamoja, silaha na uhamiaji, kwa sababu ukikosea hapa hupotezi bunduki tu unapoteza na makaratasi ya kukaa. Mtu asiye na karatasi kabisa asiguse, hata ya rafiki, hata kwenye kiwanja cha kulengea shabaha. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, au kosa la kumpiga mwenza wake, naye hapana. Na bangi pia, hata kama jimbo lako limeiruhusu, sheria ya shirikisho bado inamhesabu mtumiaji kama mtu asiyetakiwa kuwa na silaha na swali hilo liko kwenye fomu.

Fomu yenyewe inaitwa 4473, unaijaza dukani, unaonyesha kitambulisho chenye anwani ya sasa, asiye raia anaandika na ile namba yake ya uhamiaji, halafu muuzaji anapiga simu au anaingia kwenye mfumo wa FBI kukukagua. Ukidanganya kwenye ile karatasi ni jinai hata kama bunduki hukupewa. Na hili nalisisitiza kwa sababu kwetu sisi kusaidiana ni kawaida: usimnunulie shemeji, binamu wala rafiki ambaye yeye hawezi kununua, halafu ukaandika kwamba ni yako. Tangu sheria mpya ya mwaka 2022 kosa hilo linaweza kukupeleka jela mpaka miaka 15. Kumpa ndugu zawadi ya kweli kwa hela yako, ndugu anayeruhusiwa, ni jambo jingine, lakini kumtolea jina lako aliyezuiwa, hapana.

Ukishaona unapenda kukusanya na siyo kununua moja tu, angalia leseni ya wakusanyaji wa silaha za kale, ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, wanaitoa kwa dola 30 kwa miaka mitatu, uwe na miaka 21 kwenda juu. Ukiwa nayo bunduki inayohesabika kuwa ya kale inaweza kutumwa moja kwa moja mpaka mlangoni kwako hata kutoka jimbo jingine, mradi sheria ya jimbo lako haikatazi. Unatakiwa uwe na daftari unaandika kila inayoingia na kila inayotoka, tarehe, jina la uliyenunua kwake, namba ya bunduki. Siyo leseni ya biashara, ukianza kununua na kuuza kwa ajili ya faida unahitaji leseni ya duka.

Na hapo ndipo habari ya kubadilisha inapoanza kuuma. Bunduki inahesabiwa ya kale ikiwa imetimiza miaka 50 tangu itengenezwe na bado iko katika hali yake ya awali, au ikiwa imetajwa kwa jina kwenye orodha ya ATF kama ilivyo ile ya Yugoslavia yenye singe na kirushio chake cha maguruneti. Ukiivua mbao ukaivisha plastiki yenye mshikio wa bastola na magazini ya kuchomoka, hiyo hali ya awali imekwisha, leseni yako ya dola 30 haiihusu tena, na mnunuzi mwenye leseni kama yako naye hawezi kuipokea kwa njia hiyo. Umejipunguzia wanunuzi mwenyewe.

Kifungu cha 922(r), kile ambacho wauza vifaa hawakitaji

Mwaka 1989 serikali ya Bush mkubwa ilizuia kuingiza nchini bunduki nyingi za mtindo wa kijeshi kwa hoja kwamba hazifai kwa michezo na uwindaji. Mwaka 1990 Bunge likaongeza kifungu cha 922(r) ili watu wasije wakaziunda humuhumu ndani kwa kutumia vipande vya nje. Kwa lugha rahisi: huruhusiwi kuunganisha, kwa vipande vya nje, bunduki ambayo ingekataliwa kuingizwa. Kanuni zinataja aina 20 za vipande, mtutu, bolti, pistoni ya gesi, triga, nyundo, kitako, mwili wa magazini na kadhalika, na bunduki ya namna hiyo isiwe na zaidi ya 10 vilivyotoka nje kati ya hivyo.

SKS ikiwa kama ilivyotoka kiwandani haina shida na kifungu hiki, iliingia kihalali na imekaa kihalali. Siku unapoiwekea ile magazini ya plastiki ya risasi 20 au 30 na kitako cha kisasa, umeunda kitu kingine, na sasa unatakiwa uanze kuhesabu vipande vya Marekani na vya nje, kubadilisha pistoni ya gesi, kitako, kifuniko cha mkono na vingine mpaka hesabu itimie. Watu wengi hawahesabu. Ile magazini inauzwa dola kadhaa tu mtandaoni, hakuna anayekuuliza, na kwenye boksi hakuna maelezo ya maana, basi mtu anaweka anaenda nayo kiwanjani. Ni kweli kesi za kifungu hiki pekee ni nadra kuzisikia lakini ukishakamatwa kwa jambo jingine wanakuongezea na hiki.

Na majimbo nayo yana yao. California imeitaja kwa jina kabisa SKS yenye magazini ya kuchomoka kwenye orodha ya silaha za mashambulizi, yaani ile ya magazini ya kudumu uliyoinunua kihalali, ukiibadilisha sebuleni kwako, umeshavunja sheria ya jimbo. New York, New Jersey, Maryland, Illinois, Washington na mengine kila moja lina kanuni zake, na zinabadilika, kwa hiyo soma za jimbo lako mwaka huu, na ukihama jimbo soma upya kabla ya lori la mizigo kuondoka.

Jambo la triga liko peke yake. Usiguse. Usipige tupa, usikate springi, usimpe fundi wa mtaani akulainishie. SKS iliyochezewa triga inaweza kuanza kutoa risasi mbili tatu kwa mvuto mmoja, ambayo ni hatari kwa walio karibu na kisheria hiyo sasa ni rashasha isiyosajiliwa, hadi miaka 10 jela. Ukikuta inayouzwa na mwenyewe anajisifu kwamba wakati mwingine inapiga mbili, ondoka.

Ni ya nchi gani?

Bei inaanzia hapa, kwa hiyo jifunze kusoma alama kabla ya kuuliza chochote. Ya Urusi nyingi zilitoka kiwanda cha Tula, unakuta nyota kwenye kile kifuniko cha juu nyuma, pamoja na mwaka, na kuna chache za kiwanda cha Izhevsk za 1953 na 1954 ambazo wakusanyaji wanazikimbilia. Nyingi ziliingia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikiwa zimekarabatiwa kwenye maghala ya jeshi, utaona alama ya kijisanduku kilichokatwa na mstari, na rangi nyeusi juu ya chuma. Ukarabati wa ghala la jeshi siyo dosari kama kazi ya mtu binafsi, ni sehemu ya historia yake, ila ambayo haijawahi kukarabatiwa ni ghali zaidi.

Ya China inaitwa Type 56, walianza kuitengeneza mwaka 1956 kwa msaada wa Warusi. Hii ndiyo ndugu ya SAR nyingi tulizozizoea Tanzania. Kwenye chuma upande wa kushoto unakuta namba ndani ya pembetatu, 26 ndiyo kiwanda cha Jianshe, kikubwa kuliko vyote. Za mwanzo kabisa zina singe ya kisu na zinafanana mno na za Tula, za baadaye singe ni msumari wa pembe tatu. Zilimwagika Marekani miaka ya mwisho ya 1980 mpaka Mei 1994, Rais Clinton alipofunga mlango wa silaha na risasi kutoka China, na enzi hizo mtu alikuwa anaondoka nayo kwa chini ya dola 100. Angalia kwamba siyo zote zilikuwa za jeshi. Wachina walitengeneza nyingine kwa ajili ya soko la Marekani tu, kuna fupi ya mtutu wa inchi 16 na nusu wanayoiita ya paratrupa japo hakuna jeshi lililowahi kuitumia, na kuna aina mbili, D na M, zilizotoka kiwandani zikiwa zinapokea magazini ya AK. Hizi mbili ndizo pekee ambazo magazini ya kuchomoka inaongeza bei, kwa sababu ndivyo zilivyozaliwa. Angalia pia mtutu umeingiaje, uliokazwa kwa nyuzi unapendwa kuliko uliopigiliwa pini.

Yugoslavia ndiyo nyingi utakazokutana nazo kwenye maonyesho ya silaha. M59 ni kama ya Kirusi, M59/66 ni ndefu na nzito, ina kirushio cha maguruneti mdomoni na kilengeo cha kukunja, zilitengenezwa na Zastava kule Kragujevac. Kasoro yake moja kubwa ni kwamba ndani ya mtutu hazina kromu, wakati za China na Urusi nyingi zinayo. Nitarudi hapo. Za Romania zilitoka kiwanda cha Cugir, za miaka michache tu mwishoni mwa miaka ya 1950. Albania ina kifuniko cha mkono kirefu kuliko zote. Ujerumani Mashariki, Vietnam na Korea Kaskazini ni adimu sana, mtu akikupa ya Ujerumani Mashariki kwa bei ya Yugoslavia basi ama hajui alichonacho au wewe hujui unachokitazama, na mara nyingi ni hilo la pili.

Kuikagua mezani

Omba ruhusa, hakikisha mwenyewe haina risasi, vuta nyuma bolti, kile chuma kinachoteleza na kufunga nyuma ya risasi, tazama chemba inapokaa risasi na magazini, halafu ndiyo uanze.

Anza na namba. Namba kuu iko kwenye risiva, yaani ule mwili wa chuma, na nyingine ziko kwenye bolti, kibeba bolti, kifuniko cha juu, kikasha cha triga, magazini na kwenye mbao ya kitako, japo siyo kila nchi iligonga sehemu zote. Zikilingana zote, na zimegongwa kwa muhuri wa kiwandani, vizuri sana. Zikilingana lakini nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya umeme, hiyo imelinganishwa baadaye ghalani, bei ya kati. Zikiwa hazilingani bei ya chini. Usione haya kutoa tochi na kioo cha kukuzia, muuzaji wa kweli hakasiriki.

Kisha mtutu. Piga tochi kutoka upande wa chemba. Unataka kuona mistari ya ndani ina kingo kali na inang'aa. Kwa Yugoslavia kuwa mkali zaidi, kwa sababu risasi zao za kijeshi zilikuwa na chumvi kwenye kiwashio, kile kidude cha kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti, na askari asiposafisha vizuri ile chumvi inavuta unyevu na kutu inatafuna chuma kisicho na kromu. Giza kidogo siyo mwisho wa dunia lakini mashimo karibu na mdomo, acha au punguza bei sana. Fungua bomba la gesi pia, tazama pistoni, kutu ya hapo inasema jinsi ilivyotunzwa kuliko maneno ya muuzaji. M59/66 ina vali ya kufunga gesi kwa ajili ya guruneti, ikiwa imechakaa gesi inavuja na bunduki inashindwa kujipakia yenyewe, kwa hiyo uliza kama inajipakia vizuri na tazama kama vali haijalegea.

Mbao. Nyufa nyuma ya risiva ni mbaya. Mikwaruzo, madoa ya mafuta, herufi za askari wa Kiyugoslavia aliyechoka zamu akachonga jina la mchumba wake, hivyo siyo ubovu. Ubovu ni mbao iliyopigwa msasa mpaka mihuri ikafutika na kupakwa vanishi ya fanicha. Inang'aa, inapendeza machoni, na imekufa kithamani.

Mwisho tafuta muhuri wa mwingizaji. Kwa sheria bunduki iliyoingizwa kibiashara tangu 1968 lazima iwe na jina la kampuni iliyoiingiza, mara nyingi liko kwenye mtutu au pembeni ya risiva kwa maandishi madogo, kwa mfano Century Arms ya Vermont. Isiyo na muhuri huo inaweza kuwa ile iliyoletwa na askari wa Kimarekani kutoka Vietnam, wakati ule waliruhusiwa kurudi na SKS kwa sababu siyo rashasha, AK hawakuruhusiwa. Ikiwa na karatasi ya jeshi ya kumbukumbu ya ngawira yenye namba inayolingana na ya bunduki, bei inapaa mara kadhaa. Sasa wapo wanaofuta muhuri wa mwingizaji na kutengeneza karatasi ya uongo. Papasa mtutu kwa kidole, tazama kwa mwanga wa pembeni, palipopigwa tupa panaonekana bapa na rangi yake imebadilika. Na hadithi ya babu wa muuzaji bila karatasi usiilipie hata senti.

Umeifikisha nyumbani

Nyingi zinakuja zimelowa grisi ya kijeshi ya kuhifadhia, ile ya rangi ya asali inayonata mpaka kwenye nyuzi za skrubu. Usiipeleke kiwanjani kabla hujaitoa, na nieleze kwa nini. Ndani ya bolti kuna pini inayogonga risasi. Kwenye SKS nyingi pini hiyo iko huru, haina springi ya kuirudisha nyuma, za Kirusi za mwanzo ndizo zilikuwa nayo. Ile grisi ikigandia humo pini inanasa imetokeza mbele, na bolti ikifunga inagonga kiwashio yenyewe bila wewe kugusa triga. Inaweza kumwaga risasi zote 10 wewe umeganda tu. Watu wameumia kwa hili.

Kwa hiyo fungua bolti, lakini piga picha kwanza ujue pini ilikaa upande gani, kwa sababu ikirudishwa kinyume inanasa vilevile. Loweka vyuma kwenye spiriti ya kuyeyushia rangi, nje penye hewa, mbali na moto, sugua kwa mswaki, kausha, paka mafuta mepesi ya bunduki. Pini yenyewe iache kavu. Ukimaliza tikisa bolti karibu na sikio, lazima usikie pini ikigonga mbele na nyuma, koch koch, kama haisikiki rudia. Na siku ya kwanza pakia risasi moja, kisha mbili, mtutu umeelekea kwenye shabaha, ndipo uje kujaza 10. Pini ya kisasa yenye springi ipo inauzwa, hiyo naikubali kabisa mradi ya zamani unaihifadhi.

Mbao izungushie karatasi za jikoni, itie kwenye mfuko mweusi wa taka na uiache juani siku ya joto, grisi itatoka yenyewe na karatasi zitainywa. Badilisha karatasi, rudia. Usiiweke kwenye oveni, usiipige msasa. Ikishatulia ifute kwa mafuta ya kitani kidogo sana, basi.

Ukipiga risasi za zamani zenye chumvi, kama zile za Yugoslavia za ganda la shaba, siku hiyohiyo mimina maji ya moto kwenye mtutu, bomba la gesi na pistoni uiyeyushe chumvi, kausha vizuri halafu mafuta. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Risasi mpya za dukani hazina shida hiyo, ila bei yake imekuwa juu tangu Septemba 2021 Marekani ilipozuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, kwa hiyo kabla hujanunua bunduki piga hesabu ya kuilisha pia.

Unachoruhusiwa kubadilisha, kwa maoni yangu

Kanuni yangu ni moja, kiwe kitu kinachorudi kama kilivyokuwa bila alama kubaki. Mpira wa kuvalisha nyuma ya kitako, sawa, maana kitako cha SKS ni kifupi kwa mtu mrefu. Mkanda mpya ukitunza wa zamani, sawa. Kurekebisha kilengeo cha mbele kwa kifaa chake, hiyo siyo mabadiliko, ndivyo ilivyoundwa. Klipu za kupakia risasi 10 kwa mkupuo nunua hata nyingi, na ukizizoea utaona hiyo magazini ya 30 ulikuwa unaililia bure.

Darubini je? Zile zinazofungwa kwenye kifuniko cha juu hazishiki shabaha kwa sababu kifuniko chenyewe kinacheza. Zinazoshika vizuri zinahitaji kutoboa risiva, na risiva ikitobolewa hairudi, thamani ya mkusanyaji imeisha siku hiyo. Ukitaka bunduki ya darubini nunua nyingine. Kukata mtutu ufupike ni marufuku kwenye kichwa changu, na chini ya inchi 16 bila kuisajili kwanza kwa ATF ni marufuku kwenye sheria. Kutengeneza risasi za guruneti kwa ile M59/66 usifikirie, kila guruneti la kulipuka ni kifaa cha maangamizi kinachosajiliwa.

Kama ulinunua iliyokwisha kuvishwa plastiki, habari njema ni kwamba mara nyingi inarudishika. Tafuta kitako cha nchi hiyohiyo, magazini ya 10, singe na kikasha cha kusafishia kinachokaa ndani ya kitako. Haitakuwa na namba zinazolingana lakini itakuwa bunduki ya kueleweka tena, na kisheria umetoka kwenye kile kitanzi cha kuhesabu vipande. Piga hesabu ya vipande kabla ya kununua, maana mbao nzuri ya Kirusi peke yake siku hizi siyo bei ya chai.

Bei

Usiangalie bei watu wanazoandika, angalia bei watu walizolipa. Kwenye GunBroker, mnada wa silaha wa mtandaoni, ukifungua akaunti unaweza kuona minada iliyokwisha, chukua mitano sita ya nchi ileile, hali ileile, namba zinazolingana au hazilingani kama yako, toa ya juu kabisa na ya chini kabisa, ubaki na ya katikati. Anayeandika dola 1,200 na tangazo lina mwaka halijanunuliwa hakufundishi kitu. Yugoslavia ya kawaida ambayo miaka ya 2000 mwanzoni watu walikuwa wanaibeba kwa mia na kitu, leo ukiipata safi chini ya dola 400 umebahatika, na Kirusi ya namba zinazolingana iko juu ya hapo kwa umbali mzuri. Jumlisha ada ya duka lenye leseni linalokupokelea bunduki uliyonunua mbali, usafiri na kodi, hizo zinakula kimya kimya.

Kwenye duka la rehani usiiuze kama huna haraka, wao lazima waache nafasi ya faida. Ukimuuzia mtu binafsi awe mkazi wa jimbo lako, na hata pale jimbo halilazimishi, mimi nashauri mpitie dukani akaguliwe, unalipa kidogo na unalala. Wa jimbo jingine lazima ipitie kwa mwenye leseni.

Nyumbani na kwetu

Kabati la chuma lenye kufuli, risasi mbali na bunduki, ufunguo siyo juu ya friji. Nyumba zetu zina watoto, wapwa, wageni wa wikiendi nzima, na mtoto akishaiona kwenye video anajua inavyovutwa. Unyevu nao ni adui, tia vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya kabati na uifute mafuta kila baada ya miezi michache, usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au sponji, unashika maji.

Na wazo la kuipeleka nyumbani siku ukirudi moja kwa moja, lifute. Kuitoa Marekani kunahitaji leseni ya serikali, hata vipande vyake vikuu, na Tanzania chini ya sheria ya silaha ya 2015 silaha ya kivita siyo ya raia, Kenya nao ni wakali vilevile. Usifiche bolti kwenye begi la nguo, usitume magazini kwenye kontena la mitumba ya familia. Ukiwa unaondoka huku kabisa, iuze mapema au mwachie ndugu anayeruhusiwa kwa utaratibu wa jimbo lenu.

Weka faili moja: risiti, picha za kila namba na kila muhuri, picha ya ndani ya mtutu kama una kamera ndogo, na vipande vyote vya asili ulivyovitoa viwe kwenye boksi moja lenye jina la bunduki yake. Nakala ya faili weka nje ya nyumba. Bima nyingi za nyumba zina kikomo kidogo kwa silaha zilizoibiwa, waulize wakuandikie yako kwa namba, na mkeo au mumeo ajue faili liko wapi na bei ya kweli ni ipi, ili likitokea la kutokea asije akamkabidhi jirani Tula ya 1951 kwa dola mia.